Sedani ya Melini, Sedani ya Mkononi na Mlima wa Kitonga

Ukisimama pale Uyole, mlangoni mwa Mbeya, kwa nusu saa utayaona yakipita moja baada ya jingine: Crown, Mark X, Premio, Fielder, hayana namba za Tanzania, karatasi imebandikwa kwenye kioo cha mbele, dereva macho mekundu kwa kukesha njiani kutoka Dar es Salaam. Ni magari ya IT, yaani yanayopita tu kwenda nchi jirani. Hapo Uyole ndipo yanapoachana: mengine yanakata kushoto kuelekea Tukuyu na Kasumulu, yaingie Malawi, mengine yananyoosha kupita Mbeya mjini na Mbalizi hadi Tunduma, yaingie Zambia, na baadhi yafike Kongo.

Nadhani kuyaona kila siku kumetuharibu kidogo sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini. Gari lililotoka melini tunalipa heshima hata kabla ya kufungua boneti. Lililokaa miaka kumi kwa mwalimu wa Gangilonga, Iringa, au daktari wa Forest, Mbeya, tunaliona limechoka, hata kama injini yake haijawahi kushushwa. Mtu akipata fedha ya kununua sedani ya familia, swali la kwanza huwa: niagize Japani au nichukue la namba D, lililokwisha kusajiliwa hapa? Wengi wakishasema hivyo wameshajijibu, kwamba la kuagiza ndilo bora na la namba ni la asiye na uwezo. Mimi naona kwa mtu anayeishi juu ya mita 1,500 jibu hilo mara nyingi limekaa kichwa chini.

Gari la nyumbani, kwa maana ya lililotengenezwa hapa, hatuna la kulinganisha. Kibaha iliunganisha malori ya Scania enzi za kiwanda cha TAMCO, jeshi likawa na mradi wake wa Nyumbu hapohapo Kibaha, na leo malori yanaunganishwa tena. Sedani, hakuna. Hata kwa wenzetu wenye viwanda mstari huo umefutika. Wamarekani walibishana miaka mingi juu ya gari la kwao na la Mjapani, lakini Honda Accord inaundwa Marysville, Ohio, tangu 1982, na Toyota Camry inaundwa Georgetown, Kentucky, tangu 1988. Ford Fusion, ambayo kila mtu aliiita gari la Kimarekani, ilikuwa ikitoka kiwanda cha Hermosillo, Mexico, mpaka ilipoachwa mwaka 2020. Kwetu basi gari la ndani ni lile lililokwisha kulipiwa kodi, likapigwa namba, likapita mikononi mwa mafundi wetu na kwenye barabara zetu. La nje ni lile ambalo bado halijakutana na hayo yote.

Tuanze na kodi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni (Bajeti ya kila Juni inaweza kuvigusa), gari dogo hulipa ushuru wa forodha asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa cc 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa zaidi ya hapo. Halafu kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo, na tozo nyingine ndogondogo.

Chukua gari la cc 1,800 ambalo TRA imelithamini kwa shilingi milioni 10 likiwa bandarini. Nasema TRA imelithamini, kwa sababu wanatumia jedwali lao, wala si risiti uliyotumiwa na muuzaji wa Yokohama. Kama gari hilo lina zaidi ya miaka 10, forodha itakufikisha milioni 12.5, ushuru wa injini na wa uchakavu utakusukuma hadi karibu milioni 16.9, na VAT itakufikisha takriban milioni 19.9. Umelinunua mara mbili. Lingekuwa chini ya miaka 8, thamani ileile ya milioni 10 ingeishia kama milioni 15.5. Tofauti ni milioni 4.4 kwa umri peke yake.

Wengi wetu hatuna uwezo wa gari la chini ya miaka 8, maana hilo thamani yake ya mwanzo haiwi milioni 10. Kwa hiyo tunaangukia kwenye la miaka kumi na mbili, kumi na tano, tunalipa adhabu ya umri, tunalileta. Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusu lolote mradi ulipe. Ushuru wa uchakavu uliwekwa kutukatisha tamaa na magari makuukuu, lakini matokeo yake mengine hayasemwi sana: umeyapandisha bei makuukuu yaliyokwisha kuingia. Premio ya 2003 iliyosajiliwa wakati ikiwa na miaka tisa ililipa kodi yake ikamaliza. Anayetaka Premio ya 2003 leo kutoka Japani atalipa asilimia 30 za uchakavu, kwa hiyo mwenye ile ya zamani hana haraka ya kushusha bei. Ndiyo maana unakuta gari la miaka ishirini na zaidi linauzwa Mwanjelwa, Mbeya, kwa bei inayokuacha mdomo wazi, na dalali anakwambia bila haya: maongezi yapo, lakini si makubwa.

Halafu kuna ugonjwa wa herufi. Namba D, namba E. Herufi inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikwambii liliundwa lini, wala limeishije. Unaweza kukuta namba E iliyoundwa 2006 imeegeshwa jirani na namba C ya mwaka huohuo, mtu anatoa mamilioni zaidi kwa ya kwanza. Anacholipia ni kwamba miaka yake ya kuchakaa ilipita kwenye barabara za Osaka badala ya za Mbozi. Hilo lina thamani, sikatai. Shokapu na bushi za gari la Osaka zitakuwa bora. Lakini mwulize mwenye herufi mpya bei ya shokapu nne na bushi zote uone kama inafika nusu ya alichoongeza.

Jambo jingine ni kwamba mlango wenyewe unafungwa. Mark X iliacha kuundwa mwishoni mwa 2019. Premio na Allion zikafuata mwaka 2021. Camry iliondolewa kwenye soko la Japani mwishoni mwa 2023, ingawa inauzwa kwingine duniani. Mjapani amehamia kwenye magari yaliyoinuka, yale ya SUV, na vigari vidogo vya mjini. Miaka mingi tumekula alichokiacha: kule gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kila ukaguzi una gharama zake, hivyo mtu huona heri aliuze. Sasa amepunguza kununua sedani za kawaida, nasi tutabaki tukigombea zilezile za zamani, zikizidi kuzeeka mnadani kwake kama zinavyozeeka kwetu. Faida ya kuagiza inapungua kila mwaka.

Lakini kodi na herufi ni mambo ya karatasi. Linaloamua kwetu ni mlima.

Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700. Premio ya cc 1,500 yenye injini ya 1NZ hutoka kiwandani na nguvu za farasi kama 110. Hapa Mbeya unabaki na tisini na kidogo, na bado hujapakia watoto watatu, bibi yao, na gunia la viazi kwenye buti. Ile ya cc 1,800 ya 1ZZ ina kama 132, zinazobaki kama 110. Yaani 1.8 ya Mbeya ndiyo 1.5 ya Kigamboni. Mtu anayeniambia shemeji yake wa Dar anasifia 1.5 kwa kunywa mafuta kidogo, namwomba amwalike huyo shemeji aendeshe kutoka Ruaha Mbuyuni kupandisha Kitonga nyuma ya lori la shaba linalorudi tupu, akijaribu kulipita. Kwenye mlima 1.5 hainywi kidogo. Unaikanyaga mpaka chini, inalia, na mafuta yanaondoka vilevile. Na sisi mafuta tunayanunua ghali kuliko wao: bei kikomo za EWURA zinazotoka kila mwezi huwa juu kadiri unavyotoka bandarini.

Halafu giaboksi. Premio na Allion za kizazi cha 2001 hadi 2007 nyingi zilikuja na gia nne za otomatiki ya kawaida. Kizazi kilichofuata kikaja na CVT, ile isiyo na gia za kuhesabika, mkanda wa chuma tu unaobanwa kati ya puli mbili. Mjini CVT ni tamu. Kwenye mteremko mrefu au mpando mrefu ukiwa umepakia, inapata joto, na ikizidi kupata joto kompyuta inapunguza nguvu ili ijiokoe. Dereva anadhani gari limeharibika. Mara nyingi halijaharibika, ni oili imechoka. Na hapa ndipo gari la mkononi linaponiogopesha kuliko la melini: CVT inataka oili yake maalumu. Ukiweka ile ATF nyekundu ya otomatiki za kawaida, mkanda unateleza, na baada ya muda unanunua giaboksi. Nimewasikia mafundi wakisema kwa kujiamini kabisa kwamba oili ya gia ni oili ya gia. Kama unanunua CVT ya namba D na mwenye gari hawezi kukwambia oili gani iliwekwa na lini, achana nayo. Kwa CVT, la kuagiza lina nafasi nzuri zaidi, kwa sababu tu halijaguswa.

Kwa otomatiki ya gia nne mambo yanageuka. Ile mafundi wetu wanaijua kwa kupapasa. Ukiteremka Kitonga unazima kile kitufe cha O/D, cha gia ya juu kabisa, au unavuta kwenye 2, injini inalishika gari, breki zinapumzika. Kwenye CVT unatafuta S au B, na mtu aliyejifunzia Dar hajui hata kwamba ipo. Kuna wanaoteremka na frii ili kubana mafuta. Hao siwezi kuwasaidia kwa makala.

Joto la injini nalo lina habari yake huku. Kwenye mwinuko wa Mbeya maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94, badala ya 100 za pwani. Injini nyingi hufanya kazi humohumo kwenye tisini. Kinachozuia rejeta isichemke ni shinikizo la kifuniko chake, basi. Kifuniko kilicholegea Dar kinaweza kukuvumilia mwaka mzima. Huku kitakuaibisha siku ya kwanza ya mlima. Ni kitu cha bei ya chakula cha mchana, na sijui kwa nini watu wanakagua redio kabla yake.

Na hapa niseme juu ya kundi la tatu ambalo halitajwi kwenye mjadala huu, nalo ndilo linalonunuliwa sana: gari la mkononi kutoka Dar. Mtu wa Iringa au Njombe anashuka, anazunguka yadi na kwa madalali, anapanda nalo. Gari hilo limeishi kwenye joto na foleni, na mafundi wengi wa pwani wana dawa moja ya gari linalochemka: kuchomoa thamostati na kujaza maji ya bomba. Dar linatembea. Lipeleke Makete mwezi wa saba, ambako kuna asubuhi nyasi zinaamka na barafu. Injini isiyo na thamostati haipati joto lake kamwe. Kompyuta inadhani ndiyo kwanza gari limewashwa, inaendelea kumwaga mafuta mengi, oili haisafiki, na hita ndani ya gari inapuliza upepo wa baridi. Watu wa Njombe wananunua gari lenye hita nzuri ya Kijapani kisha wanaendesha na makoti. Maji matupu nayo yanatafuna rejeta na pampu kwa kutu, ilhali gari lilikuja na kulanti yake inayozuia kutu na kuganda.

Ongeza mafuriko. Ukiinua kapeti la gari la Dar ukakuta udongo mkavu kwenye kona ambazo hakuna anayezisafisha, au reli za viti zina kutu, usisikilize hadithi. Kwa upande mwingine AC ya gari la Dar huwa nzima, wakati za kwetu zimekufa siku nyingi bila mwenyewe kujua.

Kwa hiyo ninapolisifu gari la mkononi nina maana finyu. Nasema lililoishi huku juu, kwa mtu anayejulikana, ambaye fundi wake unaweza kumfuata ukamuuliza. Iringa na Mbeya bado ni miji ambayo ukiuliza mara mbili unalipata jina la fundi. Gari la namna hiyo limeshapita mtihani ambao la melini bado halijaufanya. Kama kichwa cha injini kingekuwa cha kupasuka kwa joto, kingepasuka Kitonga au kwenye mpando wa Isongole. Kasoro zake zimejitokeza, na nyingi zimelipiwa na mtu mwingine.

La melini kasoro zake zimelala. Kilometa kwenye dashibodi zinaweza kuwa zimerudishwa, ndiyo maana karatasi ya mnada ni ya kuidai kabla ya kutuma hela, na isomwe na mtu anayejua kwamba alama ya R ina maana liligongwa likatengenezwa. Magari ya kaskazini mwa Japani, Hokkaido na kwingineko kwenye theluji, hutembea kwenye barabara zilizomwagwa chumvi. Bodi inang'aa, chini chesisi imeliwa. Picha za mtandaoni hazipigwi chini. Redio nayo itashika stesheni chache tu za chini, kwa kuwa FM ya Kijapani huanzia 76 na nyingi huishia 90, na ramani itakusalimu Kijapani mpaka siku unaliuza. Hayo ni ya kucheka, chesisi si ya kucheka.

Spea sitazieleza sana kwa kuwa kila mtu anajua: Toyota ya kawaida unapata Mwanjelwa, au Mlandege ya Iringa, siku hiyohiyo, na kisichopatikana kinapandishwa na basi la usiku. Shida inaanza na injini za D4. Premio ya cc 2,000 ya kizazi cha kwanza ina 1AZ-FSE, na Brevis zote ni za namna hiyo. Zinapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, hazipendi mafuta machafu, na zinajaa masizi. Utaziona ni za bei ya chini kuliko ndugu zao, na sababu ndiyo hiyo. 1ZZ nayo, hasa za kabla ya 2005, ina tabia ya kula oili. Ukiwa na desturi ya kuvuta kijiti kila Jumamosi utaishi nayo. Usipokuwa nayo, nunua 1NZ na uwe mpole kwenye milima. BMW na Mercedes za mtumba, ambazo bei zake za yadi zinatamanisha, nawaachia wenye fundi wa kompyuta jirani. Mark X ni gari zuri mno, V6 inayocheka na Kitonga, ila iko chini, inakunywa, na kodi yake ya cc 2,500 iko kwenye asilimia 10. Mwenye ada za shule mkononi na aipende kwa mbali.

Hukumu yangu, kwa familia yenye fedha ya kati: Premio au Allion ya 1.8, otomatiki ya kawaida, iliyosajiliwa zamani na kutumika huku juu, hata herufi yake iwe ya kuwachekesha majirani, ukibakiza milioni mbili tatu za shokapu, bushi, kulanti, thamostati na matairi. Ukiwa na uwezo wa la chini ya miaka 8, agiza bila wasiwasi, hesabu ya kodi iko upande wako na CVT yake itakuwa na maisha. Kinachonikera ni la katikati: la miaka kumi na tatu, CVT, 1.5, lililolipiwa asilimia 30 za uchakavu ili mtu aseme ni namba mpya. Ndilo ninaloliona kwa wingi.

Lolote utakalochagua, usilijaribie kwenye lami ya tambarare mbele ya yadi. Fika asubuhi na mapema uliwashe mwenyewe likiwa la baridi, na ushike boneti kwanza, kwa sababu kuna wanaolipasha kabla hujafika. Kama uko Iringa, lianzie Ipogolo ulipandishe mjini ukiwa na watu wanne ndani. Kama uko Mbeya, toka Uyole upande njia ya Tukuyu mpaka Isongole, geuza, uteremke ukiwa umevuta gia ya chini. Angalia mshale wa joto ukipanda, na unuse breki ukifika. Dalali atakwambia mafuta hayatoshi kwenda huko. Mwekee lita tano.